Mtambikaji na Kuhani: Je, "Dini Zote ni Sawa"?

Ipo sentensi moja fupi ambayo mtumishi wa serikali, mwalimu na mfasiri hukutana nayo karibu kila mwaka, ama katika hotuba ya ufunguzi, ama katika kijitabu cha elimu ya uraia, ama katika risala ya sikukuu: "Dini zote ni sawa." Huandikwa kwa nia njema, na aghalabu husomwa kwa nia njema vile vile. Katika makala haya hatukusudii kuwabishia wale wanaoitamka kwa ajili ya kudumisha amani. Tunakusudia kuihakiki kwa upande wa lugha tu, kwa kuwa twaona sentensi hiyo imebeba mambo matatu yasiyokaa pamoja, na ya kwamba istilahi zetu za ibada zimesaidia sana kuyaficha.

Kilichotuchokoza ni karatasi ya mtihani. Tulipokuwa Iringa kwa shughuli nyingine, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, baada ya "kamwene" na habari za safari, alitutolea karatasi ya mwanafunzi wake, akasema, "Ninyi mabwana wa Kiswahili, nisaidieni. Huyu nimpe alama au nimnyime?" Swali lilimtaka mwanafunzi aeleze tofauti iliyopo kati ya dini na mila. Naye alijibu hivi: dini ni ya kanisani au msikitini, mila ni ya nyumbani kwa babu, lakini zote ni sawa. Mwalimu alikuwa na shida ya kweli. Kitabu alichokuwa akifundishia kilisema katika ukurasa mmoja kwamba dini zote ni sawa, na katika ukurasa mwingine kikaliweka tambiko nje ya dini kabisa, chini ya kichwa cha mila na desturi. Mwanafunzi alikuwa amezisoma kurasa zote mbili, akazitii zote mbili.

Tuanze na neno "sawa" lenyewe. Katika Kiswahili neno hili lina kazi tatu zilizo wazi. Kwanza, ni usawa wa haki au wa cheo: wananchi wote ni sawa mbele ya sheria. Pili, ni kufanana: vitambaa hivi viwili ni sawa, huwezi kuvitofautisha. Tatu, ni usahihi au kukubalika: hesabu yako ni sawa, au mtu anapoitika "sawa" akiwa na maana kwamba ameridhika. Mwanasheria anayesema dini zote ni sawa hukusudia maana ya kwanza. Mtu wa falsafa hukusudia ya pili, yaani kwamba chini ya tofauti za mavazi, siku na majengo kuna kiini kimoja. Lakini muumini aliyekaa mkekani au kwenye benchi husikia ya tatu: kwamba anaambiwa yale anayoyakana ni sahihi kadiri ileile ya yale anayoyakiri. Hapo ndipo hasira huanzia, na si ajabu. Mwandishi wa hotuba hakutaka kumkasirisha mtu yeyote. Neno limemponyoka kutoka maana moja hadi nyingine pasipo yeye kujua.

Sheria zetu, ukizisoma kwa makini, hazijaponyokwa. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 19 iliyomo kwenye sura ya haki iliyoingizwa kwa marekebisho ya mwaka 1984, inalinda uhuru wa mtu katika mambo ya imani, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini yake. Uhuru huo ungekuwa mzaha kama dini zote zingekuwa kitu kimoja, kwa kuwa mtu habadilishi kitu kwa kitu hicho hicho. Tena tazama Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Ndoa iliyofungwa kwa taratibu za Kiislamu au za kimila huhesabiwa kuwa ni ya wake wengi, au inayoweza kuwa ya wake wengi, mpaka ithibitishwe vinginevyo; nyinginezo huhesabiwa kuwa za mke mmoja. Na ndoa ya Wakristo wawili iliyofungwa kanisani haiwezi kugeuzwa kuwa ya wake wengi maadamu wote wawili wangali Wakristo. Kwa karani wa ndoa, basi, dini hazifanani hata kidogo, ingawa zina haki sawa. Tukimwandikia kwamba "ni sawa" bila kuongeza neno "haki", tumempa sentensi asiyoweza kuifanyia kazi.

Hata hivyo jambo hili halikuanzia katika hotuba za leo. Lilianza pale watu wa imani moja walipotafuta maneno katika lugha ya watu wa imani nyingine, na sehemu chache za nchi yetu huonyesha hayo waziwazi kuliko Nyanda za Juu Kusini. Tunazitaja Mbeya na Iringa kwa upana wake wa zamani, kabla Njombe haijawa mkoa wa peke yake mwaka 2012 na Songwe mwaka 2016.

Mwaka 1891 wamisionari wa Kijerumani wa vyama viwili waliingia Unyakyusa kutokea upande wa Ziwa Nyasa: Walutheri wa Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky, na Wamoraviani waliofanya makao yao Rungwe. Baadaye Walutheri wakaenea Ukinga, Ubena na Uhehe, na Wakatoliki wakawa na makao yao Tosamaganga, karibu na Iringa. Wote hao walikabiliwa na swali lile lile la mfasiri: Mungu aitwe nani? Wangeweza kuleta neno kutoka pwani, au kutoka kwao Ulaya. Kwa sehemu kubwa hawakufanya hivyo. Kwa Wanyakyusa walilichukua jina Kyala. Kwa Wahehe na Wabena lilitumika Nguluvi, kwa Wakinga Nguluve, kwa Wasafwa Ngulubhi. Msomaji ataona mara moja kwamba haya matatu ya mwisho ni ndugu, kama vile Mungu wetu wa Kiswahili alivyo ndugu wa Mulungu anayetajwa na makabila mengi kutoka pwani mpaka bara. Udugu huo huwavuta wengi waseme: tazama, wote walimjua yule yule! Lakini kufanana kwa umbo kunatuambia tu kwamba neno limesafiri; hakutuambii lilikuwa limebeba nini lilipofika.

Juu ya Kyala tunao ushahidi wa kitaalamu unaostahili kujadiliwa, nao ni wa Monica Wilson. Yeye na mumewe Godfrey walifanya utafiti kwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, na kitabu chake juu ya matambiko ya jumuiya kilitoka mwaka 1959. Kwa maoni yake, Kyala hapo kwanza hakuwa Muumba wa vyote akaaye mbinguni. Alikuwa mmoja wa mashujaa wa kale, pamoja na Lwembe aliyetambikiwa Lubaga, na mahali pake palikuwa kando ya ziwa. Ni wamisionari waliomchagua miongoni mwa wengine, wakampandisha, na kwa muda wa miaka kadhaa ya mahubiri, shule na nyimbo, hata wale wasiobatizwa wakaanza kumtaja kwa maana ile mpya. Jina lilipewa cheo kipya likiwa katika shati lile lile la zamani.

Hoja hii ni nzito, na twakubaliana nayo kwa nusu. Nusu tusiyokubaliana nayo ni hii: wazee waliozungumza na Wilson walizungumza zaidi ya miaka arobaini tangu kengele ya kwanza kulia Rungwe. Mzee anayeulizwa "zamani mlimwelewaje Kyala?" baada ya miaka arobaini ya mahubiri hawezi kujibu kana kwamba mahubiri hayakuwako, jibu lake lenyewe limekwisha kuwa jibu kwa mhubiri, ama la kukubali ama la kukataa. Anayesema "alikuwa mmoja wa mashujaa tu" huenda anajitenga na kanisa. Anayesema "tulimjua Muumba tangu mwanzo" huenda anajitetea mbele ya kanisa. Kwa hiyo hatuwezi kurudi mwaka 1890 kwa njia ya mahojiano ya mwaka 1935. Nusu tunayoikubali ni ile inayotuhusu sisi watu wa istilahi: kwamba neno lililochaguliwa kwa sababu ya kufanana halikubaki kama lilivyokuwa. Mfasiri alidhani amepata kisawe, kumbe ameanza kukitengeneza.

Mfano mwingine wa lugha hiyo hiyo ni mzuri zaidi, nasi hustaajabu kwamba hautajwi mara nyingi. Wanyakyusa huwaita wahenga wao waliokufa abasyuka. Mzizi wake ni kitenzi -syuka, kufufuka, kutoka katika wafu. Mhubiri aliyetaka kusema habari za ufufuo wa siku ya mwisho alikuwa na kitenzi hicho tayari mkononi. Fikiri msikilizaji wa kwanza alivyosikia. Kwake yeye marehemu walikuwa wamekwisha "syuka", nao wako, wanatazama, wanakasirika ndugu wakigombana, wanataka wakumbukwe. Sasa anaambiwa kwamba kusyuka kungali mbele, kutatokea mara moja kwa wote, na tena kutatanguliwa na mmoja aliyekwisha kufufuka kaburini. Neno ni moja, lakini wakati umegeuzwa. Mtu atakayesema kwamba imani hizi mbili ni moja kwa sababu zina neno moja la kufufuka, amelisikia neno na hakuisikia habari. Na mtu atakayesema hazihusiani kabisa, naye aeleze ilikuwaje habari ile ikaeleweka upesi vile.

Hatari ya kutafuta kisawe upesi ilielezwa kwa ukali na Okot p'Bitek wa Uganda katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya dini za Kiafrika katika maandishi ya wataalamu wa Kizungu. Anasimulia jinsi mapadre wa Kiitalia walivyowauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na kitenzi cha kuumba kwa maana ile ya kufanya kitu pasipo kitu, hivyo swali likawafikia kwa kitenzi cha kufinyanga, na wazee, baada ya kusumbuliwa sana, wakalitaja jina la pepo anayepinda mgongo wa mtu mpaka akawa na kibyongo. Jina hilo, Rubanga, ndilo lililoingia katika katekisimu kuwa la Mungu. Okot aliwashambulia pia Waafrika wenzake, John Mbiti akiwamo, kwa kuwavika miungu ya Afrika kanzu za Kiyunani ili wafanane na Mungu wa wanateolojia. Twaona amezidisha, kwani Mbiti alikusanya ushahidi mwingi ambao hauondolewi kwa dhihaka. Lakini kila mfasiri na akiweke kisa cha Rubanga mezani kwake, kwa maana kinaonyesha kwamba swali lililoulizwa vibaya hujibiwa hata hivyo, na jibu huchapishwa.

Sasa tuje kwenye Kiswahili chenyewe, na kwenye maneno mawili yaliyoipa makala haya kichwa. Tafsiri za Biblia zilizotokea pwani, kuanzia kazi ya Edward Steere kule Unguja katika karne ya 19, zilitumia kwa wingi msamiati wenye asili ya Kiarabu uliokuwa tayari umezoeleka katika lugha: sadaka, dhabihu, madhabahu, kuhani. Karl Roehl, mmisionari Mjerumani aliyefanya kazi Usambara, hakuridhika. Yeye aliona lugha hiyo ni ya watu wa pwani mno, na Biblia yake, iliyotimia mwaka 1937, ilitafuta kwa makusudi maneno ya Kibantu ambayo mtu wa bara angeyatambua. Kwa hiyo kuhani kwake ni mtambikaji. Dhabihu ni tambiko. Madhabahu ni mahali pa kutambikia. Makuhani wakuu wa Yerusalemu wakawa watambikaji wakuu.

Wengi walimcheka Roehl, na hata leo walimu wa ualimu humtaja kama mfano wa bidii iliyopotea, kwa kuwa Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 ilirudi kwenye njia ya pwani na ndiyo iliyoenea. Sisi hatumcheki. Kwa macho ya Uhehe au Ukinga, Roehl alithubutu kusema jambo ambalo hakuna mhubiri wa wakati ule aliyependa kulisema kwa sauti: kwamba kazi ya Haruni mbele ya madhabahu na kazi ya mzee anayechinja na kumwaga pombe penye makaburi ya wazazi zinaweza kuitwa kwa jina moja. Ajabu ni kwamba katika parokia na sharika zile zile ambamo Biblia hiyo ingesomwa, muumini aliyeonekana kwenye tambiko angeweza kutengwa. Angesoma tambiko kitabuni Jumapili, akakatazwa tambiko Jumatatu. Si rahisi kusema kwamba mfasiri alikosea, wala kwamba mchungaji alikosea. Roehl alitazama tendo: mnyama, damu, mlaji asiyeonekana. Mchungaji alitazama anayepelekewa tendo, yaani masoka ya Wahehe au abasyuka wa Wanyakyusa. Kila mmoja alikuwa na kipimo chake cha "sawa".

Wala kuhani si neno safi lisilo na historia. Kwa Kiebrania ni mtumishi wa hekalu. Lakini kwa Kiarabu cha Kurani neno la mzizi huo huo, ambalo Kiswahili kinalo kama kahini, ni mpiga bao na mtabiri wa mambo ya siri, na Kurani inakana waziwazi kwamba Mtume ni mtu wa namna hiyo. Basi neno ambalo kwa mfasiri wa Unguja lilikuwa la heshima zaidi kuliko mtambikaji, kwa msomaji mwingine wa pwani hiyo hiyo lina harufu ya uganga. Aliyemkimbia mtambikaji amejikuta kwa kahini!

Kati ya Waislamu na Wakristo wa nchi yetu maneno ya shirika ni mengi kuliko tunavyodhani, na hii ni neema ambayo mataifa mengine hawana. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, katika Qurani Takatifu aliyoikamilisha mwaka 1969, anamtaja Mola kwa maneno Mwenyezi Mungu. Wafasiri wa Biblia Habari Njema, iliyotoka katika miaka ya 1990, wanaandika Mwenyezi-Mungu, tena kwa kistari, kila panapotokea lile jina la Kiebrania lisilotamkwa na Wayahudi. Kistari kimoja tu kimesimama kati ya vitabu viwili. Tukumbuke kwamba huko Malaysia neno Allah, lililokuwa likitumiwa na Wakristo wa lugha ya Kimalay, lilifikishwa mahakamani baada ya serikali kulizuia gazeti la Kikatoliki kulitumia: Mahakama Kuu ililiruhusu mwaka 2009, Mahakama ya Rufani ikalikataza mwaka 2013, na mwaka 2014 gazeti hilo likanyimwa ruhusa ya kukata rufani zaidi. Kwetu neno Mungu limekaa katika wimbo wa taifa na hakuna aliyeulizwa hati ya kulimiliki.

Lakini neema hiyo isitufanye tulale. Chukua neno mtume. Likiandikwa peke yake kwa herufi kubwa, kwa Mwislamu ni Muhammad, mjumbe wa mwisho aliyeteremshiwa Kitabu. Kwa Mkristo mtume ni mmoja wa wale waliotumwa na Yesu, kama Petro au Paulo, ambaye hakuna anayemweka juu ya aliyemtuma. Chukua injili. Kwa Mwislamu ni kitabu alichopewa Nabii Isa. Kwa Mkristo ni habari zilizoandikwa na watu wanne juu ya Yesu mwenyewe. Watu wawili wanaweza kukubaliana kwa jioni nzima kwamba wote wanaiheshimu Injili, wakaagana kwa furaha, na wasiwe wamezungumza juu ya kitu kimoja. Sadaka nayo ina njia zake mbili: msikitini ni tendo la hiari lililotengwa na zaka, kanisani ni fedha inayopitishiwa kapu. Mfasiri wa tangazo la serikali kuhusu michango ya dini asipojua hayo atawachanganya walipaji na wapokeaji.

Neno linalotusikitisha zaidi ya yote ni ushirikina. Asili yake ni shirki, yaani kumshirikisha Mwenyezi Mungu na mwingine katika uungu wake, dhambi kubwa kuliko zote katika itikadi ya Kiislamu. Kwa itikadi hiyo, kumwabudu Yesu kunahesabiwa humo. Katika Kiswahili cha leo, hata hivyo, neno limeshuka likawa la hirizi, ramli na kwenda kwa mganga usiku, na huko Mbeya utalisikia likitumiwa na mhubiri wa Kikristo kwa nguvu zote dhidi ya wazee wanaotambika. Hajui kwamba upanga alioushika ulifuliwa kwa ajili yake pia. Twamsamehe mhubiri, kwa kuwa mimbari ina lugha yake. Hatuwezi kumsamehe mtumishi wa umma anayeandika ushirikina katika ripoti ya wilaya akimaanisha tambiko la ukoo la kuomba mvua, kwani hapo ameamua, kwa kalamu ya serikali isiyo na dini, ni ibada ipi iliyo ya kweli na ipi iliyo ya uongo. Kadhalika karani anayemwandikia mzee wa Ukinga "hana dini" katika fomu. Mzee huyo anaye anayemwomba, ana siku zake, ana miiko yake, ana mahali asipopita na viatu. Alichokosa ni jengo na kitabu.

Hapa kuna istilahi moja ambayo baraza la lugha lingefaa kuitazama. Tangu miaka ya 1980 mihadhara ya hadhara ya kulinganisha Biblia na Kurani imekuwa ikiitwa "mlingano wa dini", na umoja mmoja wa wahubiri wa Kiislamu ulilitia neno hilo katika jina lake. Sasa, kulingana ni kuwa sawa. Kulinganisha ni kuweka viwili pamoja ili vitazamwe. Katika hesabu tunayo mlinganyo, ambapo upande wa kushoto lazima utoke sawa na wa kulia. Wahubiri wa mihadhara hawakuwa wakidai hata kidogo kwamba pande mbili zinatoka sawa. Walisimama uwanjani kuonyesha kwamba ni mmoja tu uliosimama, na wapinzani wao wa Kikristo waliwajibu kwa lengo hilo hilo upande wa pili. Jina lilisema zinalingana, hotuba ikasema hazilingani. Kwa somo la vyuoni tunapendekeza "ulinganishaji wa dini", ambalo linataja kazi ya mtafiti na kuacha matokeo yake wazi.

Huenda msomaji atatuuliza: je, ninyi wenyewe mwaonaje, dini ni moja au ni nyingi? Hatutamkimbia. Twaona kwamba haja zinazowapeleka watu kwenye ibada zinafanana sana: kifo, mvua, mtoto mgonjwa, kiapo, shukrani. Mtu akitoka Lubaga akaenda Rungwe kanisani, kisha akaingia msikiti wa mjini Mbeya, atazikuta haja hizo zote mahali pote patatu. Lakini majibu si mamoja, na anayeyafanya kuwa mamoja humwondolea kila muumini kile hasa anachokishikilia. Mwislamu anashikilia umoja wa Mungu usio na mshirika. Mkristo anashikilia msalaba. Mzee wa ukoo anashikilia kwamba waliokufa hawajaondoka. Ukimwambia kila mmoja kwamba jambo lake ni vazi tu la nje, umewatukana wote watatu kwa usawa, na huo ndio usawa pekee uliobaki.

Kwa ajili hiyo twapenda kuwashauri wafasiri waandike "dini zote zina haki sawa" pale sheria inapokusudiwa, na waliache neno "sawa" lisisimame peke yake. Neno Mungu liendelee kuwa la wote. Tusikubali mtu alikate vipande. Lakini mtume, injili na sadaka yasiandikwe katika hati za umma pasipo kutajwa ni kwa watu gani. Tambiko liitwe tambiko, na pale fomu inapouliza dini, karani aandike jibu la mwenye fomu. Najua mtu atasema jibu kama "dini ya wazee" halimo katika orodha. Orodha ilitungwa na watu, nayo huongezwa na watu.

Tulimrudishia yule mwalimu wa Iringa karatasi yake. Tulimwomba ampe mwanafunzi alama kwa sehemu ya kwanza, na kwa ile "lakini zote ni sawa" amuulize kwa upole: sawa kwa vipi? Majuma kadhaa baadaye alituandikia. Mtoto yule asili yake ni Rungwe, na alikuwa amejibu kwamba babu yake humwomba Kyala kwa maneno aliyofundishwa kanisani, kisha huwamwagia wazee pombe kidogo chini, asubuhi ile ile, mbele ya mlango ule ule. Babu haoni kwamba amefanya mambo mawili. Mchungaji anaona. Mwalimu aliuliza tena ampe ngapi, nasi tulimwambia ampe zote.